Vijana wa madukani wa London walipata wapi muda wa kusoma?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nina miaka 20, nauza duka la vitambaa hapa Mwanza. Tajiri ananipa chakula na nalala stoo. Nafungua saa 1 asubuhi, nafunga saa 3 usiku, siku zote saba, na mali ikipungua nakatwa mshahara. Rafiki yangu aliwahi kulala hosteli ya YMCA ya Moshi, akaniambia chama hicho kilianzishwa na vijana wauza duka kama mimi. Ni kweli? Na kama hali yao ilikuwa kama yangu, muda wa kusoma waliupata wapi?

Marahaba, mwanangu. Rafiki yako amekwambia kweli. Hilo la muda ndilo limenifanya niandike jibu refu, maana wengi wakisimulia habari za vijana hao hurukia moja kwa moja kwenye maktaba na madarasa ya jioni, kana kwamba mtu aliyesimama kaunta tangu asubuhi alikuwa na jioni yoyote.

George Williams alizaliwa mwaka 1821, kitinda mimba wa mkulima wa Somerset, magharibi mwa Uingereza. Kilimo hakikumfaa. Akapelekwa uanagenzi kwa muuza vitambaa wa mji wa Bridgwater, na mwaka 1841 akaingia London kwenye duka la Hitchcock & Rogers, mtaa wa St Paul's Churchyard, jirani kabisa na kanisa kuu. Wafanyakazi walikuwa wapata 140, na wengi wao walikula humo na kulala humo, vyumba vya ghorofani.

Kulala kwa tajiri ilikuwa desturi ya biashara ya vitambaa nchi nzima. Mtoto alitoka kwao akiwa na miaka 14 au 15, wazazi wakamlipa mwenye duka ada ili amfundishe, mkataba ukaandikwa wa miaka kadhaa, na muda huo wote mshahara haukuwepo au ulikuwa wa jina tu. Alichopata ni sahani na kitanda. Duka lilifunguliwa mapema, na wadogo waliamka kabla ya wengine ili wafagie na kupangusa vumbi. Saa ya kufunga aliipanga mteja wa mwisho: saa 3 usiku, saa 4, na siku ya Jumamosi katika mitaa ya watu wa kipato kidogo hata saa 6 usiku, kwa sababu wafanyakazi walilipwa siku hiyo na ndipo familia zao zilipotoka kununua. Mlango ukishafungwa, majora yote yaliyofunuliwa mchana kutwa yalisubiri kukunjwa upya na kurudishwa rafuni. Kazi hiyo unaijua.

Tarehe 6 Juni 1844, vijana 12 walikutana katika chumba cha Williams, juu ya duka hilo hilo, wakaanzisha Young Men's Christian Association, yaani YMCA. Lengo lao waliliandika kwa lugha ya dini: kuboresha hali ya kiroho ya vijana wanaofanya kazi katika maduka ya vitambaa na biashara nyingine. Walikuwa wakisali pamoja na kusoma Biblia, wakiwatafuta wenzao wa maduka mengine waliokuwa wanamalizia nguvu zao kwenye baa, sehemu pekee iliyokuwa bado na taa na joto wao walipotoka kazini. Mwaka uliofuata yakaanza mihadhara ya umma, ikahamia ukumbi mkubwa wa Exeter Hall, na kabla ya muongo kwisha chama kilikuwa na chumba cha kusomea, maktaba na madarasa. Mwaka 1851 kilifika Montreal na Boston. Mwaka 1855 vyama vya nchi mbalimbali vilikutana Paris vikaunda muungano, na mmoja wa waliouhangaikia ni Henry Dunant wa Geneva, yule aliyekuja kuwa mwanzilishi wa Msalaba Mwekundu. Hosteli na vyuo vya ufundi unavyoviona Moshi, Dar es Salaam au Nairobi ni tawi la mti huo.

Sasa turudi kwenye muda. Miaka miwili kabla ya mkutano wa chumbani kwa Williams, mwaka 1842, wauza vitambaa wa London walikuwa wameshaanzisha chama kingine, kilichokuja kuitwa Early Closing Association, chenye shabaha moja: maduka yafungwe mapema. Viongozi wake waliona jambo ambalo mimi naona ndilo ufunguo wa historia hii yote. Kijana anayetoka kazini saa 4 usiku humpeleki darasani hata ukimjengea maktaba ya dhahabu. Mwanzoni mwa miaka ya 1840 walitangaza zawadi kwa insha bora juu ya madhara ya kufunga usiku, na insha iliyoshinda ikachapishwa. Hoja zilikuwa za wazi: miguu na mapafu vinaharibika, akili inadumaa, na kijana asiyeruhusiwa kujifunza akiwa na miaka 18 atakuwa mfanyabiashara wa hovyo akiwa na miaka 40.

Njia waliyochagua ilikuwa ya kuombana. Waliwazungukia wenye maduka wa mtaa mmoja, wakawasihi wakubaliane kufunga pamoja. Wachungaji waliombwa kulihubiri jambo hilo. Akina mama wa familia zenye uwezo waliombwa wasinunue usiku. George Hitchcock, tajiri wake Williams, alikuwa miongoni mwa waliolikubali wazo hilo, akawa pia mfadhili wa YMCA, na baadaye baba mkwe wa Williams. Lakini fikiria mtaa wenye maduka 20. Kumi na tisa yanakubali kufunga saa 1 jioni, moja linakataa na kuacha taa zikiwaka. Ndani ya majuma machache wateja wote wa usiku wako kwa yule mmoja, na jirani zake wanafungua tena mmoja mmoja, kila mtu akisema amelazimishwa na mwenzake. Hali hiyo ilijirudia mji baada ya mji kwa miaka 40. Wema wa tajiri mmoja ulikuwa wa kweli, na uliishia mlangoni kwake.

Ukitaka kipimo cha jinsi mambo yalivyobaki pale pale, mtazame H. G. Wells, yule mwandishi mashuhuri. Mwaka 1881, akiwa hajafika miaka 15, mama yake, aliyekuwa msimamizi wa nyumba ya kitajiri, alimwandikisha uanagenzi wa miaka minne katika duka la vitambaa la Southsea. Alilala bwenini na wenzake, akafanya kazi saa 13 kwa siku. Kilichomuumiza zaidi ni kuona hafundishwi kitu. Kufagia, kukunja, kuviringisha vitambaa, kukimbia kuleta chenji, kusimama wima mteja asipokuwepo kwa kuwa kukaa ni kosa. Namna ya kununua mali, hesabu za duka, tofauti ya nyuzi na nyuzi, hayo hayakuwa na mwalimu. Aliyebahatika aliyaokota kwa kuchungulia. Asubuhi moja ya Jumapili Wells alitembea kwa miguu maili 17, zaidi ya kilomita 27, kwenda kumwambia mama yake kwamba hawezi tena. Mwaka 1883 mkataba ulivunjwa. Yeye alikuwa na shule ya kukimbilia, wenzake wa bwenini hawakuwa nayo.

Sheria ya kwanza ilikuja mwaka 1886, kwa juhudi za John Lubbock, mwenye benki na mbunge, yule yule aliyewapatia Waingereza sikukuu za benki mwaka 1871. Iliweka kikomo cha saa 74 kwa juma kwa wenye umri chini ya miaka 18, muda wa kula ukiwa ndani ya hesabu. Ndiyo, 74, na huo ulihesabiwa kuwa ushindi! Sheria yenyewe haikuwa na wakaguzi. Mwaka 1892 halmashauri ziliruhusiwa kuwaajiri, zilizotaka. Mwaka 1899 likapita jambo dogo ninalolipenda sana: kila wanawake watatu wanaouza dukani wawekewe kiti kimoja. Maana yake ni kwamba kabla ya hapo Bunge zima lilihitajika ili msichana akae. Na hata baada ya hapo, kiti kilikuwepo na msichana aliogopa kukikalia, kwa sababu msimamizi aliyekuwa akizunguka dukani alimhesabu anayekaa kuwa mvivu.

Hapo ndipo wafanyakazi wenyewe wanaingia. Chama chao cha kitaifa kiliundwa mwaka 1891, na mtu wa kumfahamu ni Margaret Bondfield. Alizaliwa Chard, Somerset ile ile ya Williams, mwaka 1873, akaanza uanagenzi wa duka karibu na Brighton akiwa na miaka 14. Mwaka 1894 alikwenda London, akapata kazi ya takriban saa 65 kwa juma kwa ujira wa kati ya pauni 15 na 25 kwa mwaka, pamoja na kitanda na chakula. Siku moja alinunua samaki na viazi vya kukaanga mtaani, vikiwa vimefungwa kwenye gazeti. Akala huku akisoma lile gazeti, akakuta barua ya katibu wa chama cha wauza duka, James Macpherson, akiwahimiza wenzake wajiunge. Akajiunga. Akaanza kuandika katika gazeti la chama kwa jina la kubuni, Grace Dare, na maandishi hayo aliyaandika usiku bwenini, kwa mwanga wa mshumaa, baada ya wenzake kulala, kwani kuwasha taa baada ya saa iliyowekwa kulikuwa na faini.

Kuanzia mwaka 1896 alifanya kazi ya hatari zaidi. Baraza la wanawake lililokuwa likichunguza hali za kazi lilimtuma aajiriwe duka baada ya duka, akae humo, ale humo, kisha atoe taarifa. Alichokiandika kilitikisa watu kwa sababu kilikuwa kimeonwa kwa macho: magodoro machafu, vyumba visivyo na pa kuogea, chai na mkate wenye siagi iliyokwanguliwa juu juu, dakika chache za kumeza chakula cha mchana kabla ya kengele. Mlango ulifungwa saa 5 usiku, na aliyechelewa alibaki nje. Kuna maduka yaliyowatoa vijana wote nje siku ya Jumapili ili yasiwalishe, iwe mvua au baridi.

Na faini. Duka la William Whiteley la Bayswater lilijulikana kwa kuwa na kanuni 176 za wafanyakazi. Kuchelewa mezani, faini. Kukosea bili, faini. Kuacha taa ikiwaka, faini. Kosa kubwa kuliko yote katika maduka mengi lilikuwa kumwacha mteja aondoke bila kununua pasipo kumwita msimamizi, na aliyerudia alifukuzwa siku hiyo hiyo. Kufukuzwa kwa mtu anayelala dukani ni kupoteza kazi, chakula na kitanda kwa saa moja. Ndiyo maana Bondfield na wenzake waliona kwamba kitanda kile, kilichoitwa msaada, kilikuwa kamba. Nani atagoma akijua atalala barabarani usiku huo? Kuna ubaya mwingine uliowakera wanaume hasa: Uingereza ya wakati huo haki ya kura ilitokana na makazi, na mtu mzima wa miaka 30 anayelala bweni la tajiri hakuhesabiwa kuwa na makazi yake. Aliuza vitambaa kwa wapiga kura, yeye hapigi kura.

Sitaki udhani kila tajiri alikuwa katili. Yalikuwepo mabweni masafi yenye maktaba na piano, na wazazi wa vijijini walipendelea binti yao alale chini ya ulinzi wa duka kuliko kupanga chumba peke yake katika jiji kubwa. Hofu hiyo ilikuwa na msingi. Hata tume ya serikali iliyochunguza suala hili, iliyotoa ripoti yake mwaka 1908, haikupendekeza mabweni yapigwe marufuku, na yalikufa polepole kwa kampeni za chama, migomo na wenye maduka kuona kwamba nafasi ya ghorofani ina faida zaidi ikipangwa mali kuliko ikipangwa vitanda. Mimi nasimama na Bondfield. Ulinzi ambao unaufunga mdomo wa anayelindwa una bei kubwa mno.

Kikomo cha kweli cha muda kilifika mwaka 1911: nusu siku ya mapumziko kila juma, kuanzia saa 7 na nusu mchana, kwa kila msaidizi wa duka, pamoja na muda wa kula uliowekwa kisheria. Kwa kuwa Jumamosi ilikuwa siku ya mauzo, miji mingi ilifunga maduka Jumatano au Alhamisi. (Wapenzi wa mpira wanaifahamu Sheffield Wednesday, yaani Sheffield Jumatano. Hiyo ni ya zamani zaidi, ilianza kama klabu ya kriketi mwaka 1820, nayo ilipewa jina la siku ambayo wanachama wake, mafundi wa mji ule, walikuwa na mapumziko ya nusu siku.) Mwaka 1934 wenye umri chini ya miaka 18 walipunguziwa hadi saa 48 kwa juma. Kutoka 74 hadi 48 ilichukua karibu miaka 50, na Bondfield aliishi kuyaona yote. Mwaka 1929 alikuwa Waziri wa Kazi, mwanamke wa kwanza kuingia baraza la mawaziri la Uingereza.

Masomo yalifuata muda ulipopatikana, na hapa Uingereza haikuwa ya mbele. Paris, Aristide Boucicaut na mkewe Marguerite, wenye duka la Bon Marché, walikuwa tangu miaka ya 1870 wanawalisha wafanyakazi kwa gharama ya duka, wana mfuko wa akiba kwa ajili yao tangu mwaka 1876, na wanawapa bure masomo ya jioni: Kiingereza, muziki, hata mchezo wa upanga. Philadelphia, John Wanamaker alifungua mwaka 1896 shule ndani ya duka lake kwa vijana waliokuwa wakibeba fedha na vifurushi. Walifundishwa hesabu, mwandiko na utunzaji wa vitabu vya fedha.

Aliyenivutia kuliko hao ni Lucinda Prince wa Boston. Mwaka 1905, chini ya jumuiya ya wanawake ya mji huo, alianza kufundisha uuzaji akiwa na wasichana 8 tu. Wenye maduka walimcheka, wakiamini kuuza ni kipaji cha kuzaliwa. Prince alifundisha vitu vya kushika mkononi: pamba na sufu zinavyotofautiana ukizichoma ncha ya uzi, bili inavyoandikwa bila kosa, rangi zinavyopatana, mteja anavyosikilizwa kabla ya kuonyeshwa jora la pili. Asubuhi darasani, kisha dukani, kesho yake waliyokutana nayo yanajadiliwa. Maduka yakaona tofauti, yakakubali kuwaruhusu wasichana wahudhurie ndani ya saa za kazi huku wakilipwa. Hilo ndilo lililokuwa jipya: somo lilitoka kwenye usingizi wa mfanyakazi likaingia kwenye muda wa tajiri, na tajiri akaona linamlipa.

Sasa mambo yako wewe, mwanangu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa za kawaida hazizidi 9 kwa siku na 45 kwa juma, katika siku zisizozidi 6. Zinazozidi ni za ziada, zinahitaji makubaliano, zina kikomo cha 50 kwa kila majuma manne, na hulipwa mara moja na nusu. Una haki ya saa moja ya kupumzika baada ya kufanya kazi saa tano mfululizo, na saa 24 za mapumziko kila juma. Kwa hesabu uliyoniandikia, unafanya saa 98 kwa juma. Kijana wa London chini ya miaka 18 alikatazwa kufika hapo mwaka 1886.

Kuhusu kukatwa mshahara, mwaka 1896 Waingereza waliweka sheria kwamba faini ya mtu wa duka lazima iwe imeandikwa, kosa litajwe na kiasi kiwe cha haki. Yetu inakwenda mbali zaidi. Tajiri hawezi kukukata kwa ajili ya mali iliyopungua mpaka upungufu uwe umetokea kazini kwa kosa lako, akupe kwa maandishi sababu, kiasi na jinsi alivyokokotoa, akupe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya mshahara. Kwa hiyo anza leo kuandika daftari lako mwenyewe: saa ya kufungua, saa ya kufunga, kiasi ulicholipwa, kiasi kilichokatwa na kwa nini. Muombe akupe maelezo ya ajira yako kwa maandishi, ni wajibu wake kisheria.

Usimwendee ukiwa peke yako kama unaweza. Chama cha wafanyakazi wa biashara na viwanda, TUICO, kinapokea watu wa madukani. Ulizia ofisi yao ya Mwanza, na uwashawishi vijana wa maduka ya jirani mwende pamoja. Mkishindwa kuelewana na tajiri, mlango unaofuata ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Ukifukuzwa kazi una siku 30 tu za kufungua shauri. Kwa madai mengine, kama ya malipo, ni siku 60. Na kabla ya hatua yoyote, tafuta ndugu au rafiki wa kukuhifadhi majuma mawili matatu, ili stoo isiwe sababu ya wewe kunyamaza. Ukishapata jioni zako, niandikie tena nikueleze kozi za VETA, vyuo vya ufundi stadi, zinazomfaa mtu wa vitambaa.